Hekalu Lililohamishwa: Habari za Abu Simbel katika Nchi ya Misri

Leo nataka kuwaeleza habari za mahali pamoja ambapo watu wa kila taifa hupasafiria, wengine kwa ndege, wengine kwa merikebu za mtoni, wengine kwa motokaa kupita jangwani, wapate kupaona kwa macho yao tu, wasinunue wala wasiuze. Mahali hapo huitwa Abu Simbel, napo pako Misri, kusini kabisa, karibu na mpaka wa Sudani.

Habari hii niliichagua kwa ajili ya swali la mwanafunzi wangu mmoja. Nilikuwa nikifundisha jiografia, nikataja majengo mashuhuri ya ulimwengu: piramidi za Misri, ukuta mkubwa wa Uchina, na kaburi la Taj Mahal katika Uhindi. Kijana akainua mkono akasema, "Mwalimu, mawe ni mawe. Mtu atatokaje kwao, akalipa nauli nyingi, aende kutazama mawe yaliyopangwa na watu waliokwisha kufa?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa la haki. Nikamjibu kwa habari za Abu Simbel, naye aliposikia yote akaniuliza swali la pili lililokuwa gumu kuliko lile la kwanza. Nitawaeleza mambo kwa taratibu ile ile niliyomweleza yeye, na swali lake la pili tutalifikia mahali pake.

Kwanza na tufuate maji. Wale waliofika Jinja katika Uganda wamepaona mahali ambapo maji ya Ziwa Viktoria hutoka ziwani na kushika safari ya kwenda kaskazini. Huo ndio Mto Naili, na maji yake ni ya mvua zinyeshazo kwetu: ya mito ya Kenya na Tanzania iingiayo ziwani, na ya Mto Kagera utokao Rwanda na Burundi. Mto huo hupita katika Uganda, ukaingia katika mabwawa makubwa ya matete ya Sudani ya Kusini, na huko yapata nusu ya maji hupotea kwa ukali wa jua. Hata ufikapo Khartoum, hukutana na ndugu yake, Naili ya Buluu, itokayo milima ya Uhabeshi. Kutoka hapo mto hukata jangwa tupu, pasipo mvua, hata bahari ya kaskazini. Basi mtu wa Misri na mtu wa Mwanza, ingawa hawajaonana, wanateka maji ya mto mmoja.

Katika jangwa hilo, kando ya mto, palikuwa na majabali ya mawe ya mchanga yaliyosimama wima kama ukuta. Yapata miaka 1,250 kabla ya kuzaliwa kwake Kristo, yaani zaidi ya miaka 3,200 iliyopita, mfalme wa Misri aliyeitwa Ramses wa Pili aliamuru mafundi wake wachonge hekalu ndani ya majabali hayo. Tafadhali sikilizeni neno hilo vizuri: wachonge. Hawakujenga kwa matofali, wala hawakuleta mawe kutoka mahali pengine. Walilitoboa jabali lenyewe, wakaondoa kilichozidi, kama fundi wa mizinga ya nyuki anavyolikomba gogo; na kilichobaki ndicho hekalu.

Mbele ya mlango walichonga sanamu nne za mfalme huyo huyo, ameketi kitini, mikono juu ya mapaja, akitazama mashariki. Kila sanamu ina urefu wa futi 65 hivi. Fikirini mnazi mrefu: sanamu hiyo imeketi, haikusimama, walakini kichwa chake chalingana na makuti ya mnazi huo. Karibu na miguu yake zimesimama sanamu ndogo za mama yake, za mke wake, na za watoto wake, nazo hazipiti magoti ya mfalme. Juu kabisa, karibu na kilele, kuna safu ya nyani wa mawe walioinua mikono yao kuelekea mapambazuko. Kila mtu aliyelala karibu na majabali yenye nyani ajua kelele wanazofanya alfajiri. Wamisri wa kale nao walilisikia jambo hilo, wakasema kwamba nyani huliamkia jua.

Katika zile sanamu nne, moja imevunjika. Zamani sana tetemeko la nchi lilikiangusha kichwa chake na kifua chake, vikalala chini mbele ya miguu yake. Kumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Ndani ya mlango kuna ukumbi mkubwa wenye nguzo nane, na kila nguzo imechongwa kwa umbo la mfalme aliyesimama. Kutani kumechorwa habari za vita vya Kadeshi, mfalme alipopigana na Wahiti. Katika picha hizo Ramses yu peke yake garini, na adui wanaanguka mbele yake kama majani ya mtama yakatwayo. Walakini wenye elimu waliochunguza habari za pande zote mbili husema kwamba hakuna aliyemshinda mwenziwe kabisa, na miaka 15 hivi baadaye wafalme hao wawili walifanya mapatano ya amani. Basi mjifunze hapo ya kwamba ukuta nao unaweza kujisifu. Tusomapo maandiko ya kale na tuulize kwanza ni nani aliyeyaamuru.

Mwisho wa hekalu, yapata futi 200 kutoka mlangoni, ndani kabisa mwa jabali, kuna chumba kidogo chenye sanamu nne zilizoketi safu moja: miungu mitatu ya Wamisri, na mfalme mwenyewe katikati yao. Chumba hicho ni giza mwaka mzima. Lakini mara mbili kila mwaka, yapata tarehe 22 Februari na tarehe 22 Oktoba, jua linapochomoza miali yake hupita mlangoni, hukata ukumbi wote, hukiangaza chumba kile cha mwisho, na kuzimulika sanamu tatu. Ya nne, sanamu ya Ptah, ambaye Wamisri walimhusisha na giza la chini ya ardhi, hubaki kivulini. Mafundi hao hawakuwa na darubini. Walikuwa na macho, na kamba, na saburi ya kulitazama jua mwaka baada ya mwaka.

Karibu na hekalu hilo pana la pili, dogo kuliko lile, ambalo mfalme alilifanya kwa heshima ya mke wake Nefertari. Mbele yake zimesimama sanamu sita, nne za mfalme na mbili za malkia. Jambo la kustaajabisha ni kwamba malkia ana kimo sawa na cha mumewe. Katika sanamu za Misri ya kale jambo hilo ni adimu sana, maana desturi yao ilikuwa kumweka mke magotini kwa mume, kama tulivyoona kwenye lile hekalu kubwa.

Wafalme hao wakafa, ufalme wao ukapita, na mchanga wa jangwa ukaanza kuteremka. Katika karne ya sita kabla ya Kristo walipita hapo askari wa Kiyunani waliokuwa wakimtumikia mfalme wa Misri, nao wakachora majina yao katika mguu wa sanamu moja. Hata leo yasomeka. Mchanga ukazidi, karne kwa karne, hata ukalifunika lango lote. Mwaka 1813 msafiri mmoja wa Uswisi, jina lake Johann Ludwig Burckhardt, aliyapita majabali hayo akaona vichwa tu vya sanamu vimetokeza mchangani, asijue kama zimeketi au zimesimama. Mwaka 1817 Mwitalia mmoja mwenye nguvu nyingi, Giovanni Belzoni, aliyewahi kupata riziki yake kwa kuinua watu na vitu vizito mbele ya watazamaji, alichimba na wenzake katika joto kali sana hata akaupata mlango. Alitumaini kupata hazina. Akapata sanamu na picha, na hewa ya moto kama ya tanuri.

Tangu hapo wageni hawakukoma. Wengine walikuja kwa adabu, wengine bila adabu. Mwingereza mmoja aliutwaa mfano wa uso wa sanamu kwa plasta, akaacha plasta nyeupe usoni. Mwaka 1874 bibi mmoja mwandishi, Amelia Edwards, alipoona uso wa mfalme umejaa madoa meupe, aliwatuma mabaharia wake wapande kuusugua. Na mahali ambapo weupe ulikataa kutoka, wakapaka kahawa nyeusi mpaka rangi ikalingana na ya jiwe. Labda hakuna mfalme mwingine aliyepata kunyweshwa kahawa kwa namna hiyo.

Sasa tufike kwenye hatari. Misri ni nchi ya jangwa, na watu wake hukaa karibu wote kandokando ya mto. Zamani maji ya mafuriko yalikuja kila mwaka kutoka Uhabeshi. Yalipokuwa ya kiasi, watu walishiba. Yalipokuwa machache, kulikuwa na njaa. Yalipozidi, yalichukua nyumba na ng'ombe. Kwa ajili hiyo bwawa la kwanza lilijengwa Aswan, likamalizika mwaka 1902, kisha ukuta wake ukainuliwa mara mbili. Watu walipozidi kuongezeka, bwawa hilo halikutosha. Mwaka 1960 Serikali ya Misri, chini ya Rais Gamal Abdel Nasser, ilianza kujenga bwawa jingine kubwa, kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti. Ukuta wake una urefu wa zaidi ya maili mbili, na kimo cha zaidi ya futi 360. Nyuma yake maji yangekusanyika na kuwa ziwa lenye urefu wa zaidi ya maili 300, likapita mpaka na kuingia Sudani. Na kila kilichokuwa bondeni kingezama: mashamba, vijiji, makaburi, na mahekalu yote, pamoja na Abu Simbel.

Hapo palikuwa na shauri gumu. Wamisri walihitaji maji na umeme, hakuna mtu mwenye haki aliyeweza kuwaambia, "Kaeni na njaa mpate kutunza sanamu." Tena hekalu la jabali si kama kabati, ulihamishe kwa kulibeba mabegani. Basi Misri na Sudani ziliomba msaada, na tarehe 8 Machi 1960 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulika na elimu, sayansi na utamaduni, yaani UNESCO, likautangazia ulimwengu wote kwamba mali hii si ya nchi moja tu bali ni urithi wa wanadamu wote, na wote waisaidie. Nchi 50 hivi zilitoa michango.

Mashauri yaliletwa mengi. Wafaransa walisema lijengwe boma kubwa la kulizunguka hekalu, libaki shimoni, na ziwa nje. Walakini maji hupenya mchangani, na pampu zingalazimika kuvuta usiku na mchana milele. Siku zitakapoharibika, hekalu limezama. Waitalia walisema jabali lote likatwe kwa chini, liinuliwe zima kwa mitambo, kidogo kidogo, kama gari liinuliwavyo kwa jeki. Shauri hilo lilipendeza, lakini gharama yake iliwatisha watu. Wengine walisema liachwe chini ya maji safi yaliyochujwa, na wageni wateremke kulitazama kwa njia zenye vioo. Mwisho likakubaliwa shauri lililoonekana la hatari na la kikatili: hekalu likatwe vipande, vipande vipandishwe juu ya jabali, kisha viunganishwe tena.

Kazi ilianza mwaka 1964, na ilikuwa mashindano na maji, kwa kuwa ukuta wa Aswan ulikuwa ukipanda na ziwa likipanda nao. Kwanza wakajenga boma la muda mbele ya mahekalu, la mawe na mchanga na mabamba ya chuma, ili kuyazuia maji. Na pampu zikavuta yale yaliyopenya. Wakati fulani maji nje ya boma yalisimama juu kuliko sakafu ya hekalu ndani, nao mafundi wakaendelea na kazi yao chini ya usawa wa ziwa. Kisha wakazifunika sanamu kwa mchanga, ule ule uliozihifadhi karne nyingi, ili mawe yatakayoanguka kutoka juu yasizivunje. Ndani wakategemeza dari kwa vyuma. Ndipo wakaondoa mlima uliokuwa juu ya hekalu.

Baada ya hayo ikaja kazi ya msumeno. Jiwe la mchanga ni laini. Ukilipiga kwa nguvu hupasuka. Kwa hiyo wakaletwa mafundi wa kukata marumaru kutoka Carrara katika Italia, na pamoja nao Wamisri wengi, na pale mbele, panapoonekana na watu, wakakata kwa mikono, taratibu, upana wa mkato usizidi robo ya inchi. Haba na haba, mahekalu mawili yakawa mapande zaidi ya 1,000. Mapande mengi yalikuwa na uzito wa tani 20, mengine hata tani 30. Tani 20 ni sawa na magunia 200 ya mahindi katika mzigo mmoja, na mzigo wenyewe ni sikio la mfalme, au shavu, au kidole cha mguu, usiotakiwa kupata hata mkwaruzo. Kila pande likatobolewa juu, likatiwa vyuma vilivyoshikizwa kwa gundi kali, likaandikwa namba yake, likainuliwa kwa winchi, likawekwa juu ya lori lililotandikwa mchanga, na kupandishwa polepole hata uwanjani juu. Mwaka 1965 uso wa mfalme ulitolewa mahali ulipokaa zaidi ya miaka 3,000, ukaning'inia hewani kwa kamba za chuma. Na waliokuwapo waliweza kumtazama Ramses uso kwa uso.

Mahali papya pako futi 200 na zaidi juu ya pale pa zamani, na mamia ya futi nyuma, mbali na maji. Mapande yakaunganishwa kwa namba zake, na nyuma yake ikawekwa zege. Juu ya hekalu kubwa wakajenga kuba la zege, pana ajabu, ili kuubeba uzito wa mlima wa bandia. Kisha wakalifunika kwa mawe na mchanga, hata mgeni asiyeambiwa hudhani ni mlima wa Mungu. Nyufa za misumeno zikazibwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga wa jiwe lile lile. Hekalu likaelekezwa upande ule ule hasa, ili jua lipate kuingia. Nalo likaingia, na Ptah akabaki gizani kama zamani. Na ile sanamu iliyovunjika? Wangaliweza kuitengeneza, maana winchi zilikuwapo na mafundi walikuwapo. Hawakuitengeneza. Kichwa na kifua vilichukuliwa juu vikalazwa chini tena mbele ya miguu, kama tetemeko lilivyoviacha. Walikuwa wamekuja kuhifadhi, hawakuja kusahihisha. Tarehe 22 Septemba 1968 kazi ilisherehekewa kuwa imekwisha. Gharama yake ilipata dola milioni 40 za Kimarekani.

Hapo ndipo nilipomaliza kumweleza mwanafunzi wangu, nikangoja asifu. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu, na watu je? Waliokaa bondeni nao walichukuliwa hivyo, kila kitu kwa namba yake, kikarudishwa kama kilivyokuwa?"

Ndugu wasikilizaji, hilo ndilo swali la pili, na jibu lake ni la. Bonde lile lilikuwa nchi ya Wanubi. Wasomaji wa Kenya na Uganda wasidhani kwamba ninasema Wanubi wa Kibera au wa Bombo, ambao wazee wao walikuja huku wakiwa askari kutoka Sudani. Hawa ni wenyeji wa mto tangu zamani za wafalme, wenye lugha yao wenyewe. Walilima kando ya maji, wakatunza mitende, wakapamba kuta za nyumba zao kwa rangi na kwa sahani zilizokazwa udongoni, hata mpita mtoni alijua kwamba hapo pana watu wapendao kwao. Ukuta wa mwaka 1902 uliwatia maji, nao wakapanda juu kidogo. Ulipoinuliwa, wakapanda tena. Lakini bwawa la mwaka 1960 halikuwaachia mahali pa kupanda.

Upande wa Misri, watu 50,000 hivi walihamishwa mwaka 1963 na 1964 kwenda Kom Ombo, kaskazini ya Aswan, wakapewa nyumba zilizopangwa safu safu, mbali na mto. Upande wa Sudani, watu karibu idadi hiyo hiyo, wa mji wa Wadi Halfa na vijiji vyake, walipakiwa garimoshi pamoja na vyombo vyao wakapelekwa Khashm el-Girba, mamia ya maili mbali, katika nchi ya mvua na udongo wasioujua. Kabla ya kuondoka walikwenda makaburini kuwaaga wafu wao. Wengine walikataa katakata kuondoka. Kila maji yalipopanda walisogea nyuma wakajenga vibanda, na kutoka kwao mji wa Wadi Halfa umesimama tena kando ya ziwa. Mitende haikuchukuliwa. Maji yaliipanda mpaka vilele vikabaki peke yake, kisha navyo vikatoweka.

Sisemi haya ili kuwalaumu waliojenga bwawa. Bwawa lile liliwapa Wamisri umeme, likazuia mafuriko. Na mvua zilipokosekana katika Uhabeshi katika miaka baada ya 1980, maji yaliyowekwa akiba yaliwaokoa na njaa. Wala sisemi haya ili kuwalaumu waliookoa hekalu. Wangaliacha lizame, Wanubi wasingalipata hata mtende mmoja kwa ajili hiyo. Nasema tu kwamba palipokuwa na namba kwa kila jiwe, hapakuwa na namba kwa kila wimbo, na kila njia ya kisimani, na kila kivuli ambapo wazee waliamulia mashauri. Jiwe laweza kukatwa na kuunganishwa. Kijiji kikikatwa, ni nani awezaye kukiunganisha? Kwa hiyo mtu aendaye Abu Simbel, akiisha kuzitazama sanamu, na ageuke nyuma alitazame ziwa pia. Nusu ya habari imo chini ya maji hayo.

Kazi ile ilizaa matunda mengine. Mahekalu mengine mengi ya bonde lile yaliokolewa, na mengine yakatolewa zawadi kwa nchi zilizosaidia: moja lipo New York, na jingine Madrid. Tena mataifa yalijifunza kushirikiana, na mwaka 1972 yakafanya mapatano ya kutunza mahali penye thamani kwa wanadamu wote. Abu Simbel na mahekalu ya jirani zake yaliandikwa katika orodha hiyo mwaka 1979. Miaka miwili baadaye, mwaka 1981, yakaandikwa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, katika pwani ya Tanzania. Basi Kilwa na Abu Simbel zimo katika daftari moja.

Na Kilwa nayo ilipata hatari ya maji. Mawimbi ya bahari yalikuwa yakila ufuko na kuta za kale, hata mwaka 2004 magofu yakaandikwa miongoni mwa yale yaliyo hatarini. Kuta zikategemezwa, ufuko ukakingwa, mikoko ikapandwa, na mwaka 2014 Kilwa ikaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Huko hapakuhitajiwa winchi za kuinua tani 30. Palihitajiwa mikono na saburi, na watu waliokaa karibu wakubali kwamba kuta hizo ni zao.

Sasa nimjibu yule kijana. Ni kweli, mawe ni mawe. Lakini watu hawasafiri kwenda kutazama mawe; husafiri kwenda kuona jinsi wanadamu wengine walivyoliangalia jua, walivyojisifu, walivyopenda wake zao, walivyopigana na mchanga na maji, na waliyoyatoa ili kitu kisipotee. Akisha kuona hayo ugenini, mtu mwenye akili hurudi kwao akiwa na macho mapya. Huuliza, "Na kwetu je, kuna nini?" Labda ni msikiti wa zamani uliobaki mihrabu tu, labda ni kaburi la mtu aliyekisimamisha kijiji, labda ni mti, au jiwe la mpaka, au kisima kilichochimbwa na watu ambao majina yao anayajua bibi mmoja tu, naye amezeeka.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu, hasa ninyi wanafunzi. La kwanza, mwendapo mahali pa kale msichore majina yenu. Wale askari wa Kiyunani walikwisha kufanya hivyo kwa niaba ya wapumbavu wote. La pili, msichukue jiwe hata moja kwenda kujengea, maana ukuta wa kale haukui tena kama mti uliokatwa. La tatu, nendeni kwa wazee wenu na daftari na kalamu, mkaandike habari za mahali penu wangali wakiwa hai. Mahekalu ya Abu Simbel yalihitaji dola milioni 40. Habari za kijiji chako zahitaji daftari moja, na jioni chache za kukaa kimya na kusikiliza.